Muungwana Akichutama, Mrudishie Nguo Yake

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, hapa Tanga, lipo swali moja linalomaliza mjadala haraka kuliko hoja yoyote: "Si wewe uliyesema mwaka juzi?" Likishatoka hilo, watu hucheka, dele huinuliwa, vikombe hujazwa upya, na yule aliyeulizwa hana pa kupita. Ama atanyamaza, ama atairudia kauli yake ya zamani na kuing'ang'ania kuliko alivyoing'ang'ania mwanzo. Hakuna aliyemletea ushahidi kwamba amekosea sasa. Amekumbushwa tu kwamba jana alisema jingine, na hilo pekee limetosha kuwa hukumu.

Tuangalie maneno tuliyo nayo. Anayebadili kauli ni kigeugeu, kinyonga, ndumilakuwili, mtu wa ndimi mbili, bendera inayofuata upepo. Kwa upande wa heshima, tuna "ameongoka", ambalo ni la dini, na "amejirudi", ambalo ni la mtu aliyekuwa ameharibika: mlevi, mwizi, mtoto mtoro. Mtu ambaye hakuharibika popote, ila amejua leo kitu ambacho jana hakukijua, hana neno lake. Inabidi tumweleze kwa sentensi nzima, na barazani nani ana subira ya sentensi nzima?

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Siku zote tumeisoma methali hii kama mawaidha kwa aliyevuliwa: kubali, tulia, usishindane. Mimi nataka tuwaangalie waliosimama pembeni. Wengi wanaoshikilia kauli iliyokwisha kuwashinda hawakosi akili ya kuona kwamba imewashinda. Wanaona vizuri sana. Kinachowazuia ni kwamba wamekwisha kuona yaliyompata mwenzao aliyechutama: nguo yake haikurudishwa. Miaka mitano imepita na bado anaitwa kwa kosa lile.

Ajabu ni kwamba watu wa mwambao huu, kuanzia Tanga na Pangani mpaka Bagamoyo, wengi wao wanasali na kugawa mirathi kwa kauli zilizobadilishwa. Chukua suala moja la mirathi ambalo wanafunzi wa vyuoni hulisoma kwa jina la mushtaraka. Mwanamke amefariki. Ameacha mume, mama, ndugu wawili wa kwa mama tu, na kaka wawili wa baba mmoja mama mmoja. Tuseme mali yake ni shilingi milioni 12. Mume anachukua nusu, milioni 6. Mama anachukua sudusi, yaani sehemu moja ya sita, milioni 2. Ndugu wa kwa mama wanachukua theluthi, milioni 4. Jumla imekwisha timia 12. Kaka wa baba mmoja mama mmoja si watu wa fungu maalumu, wao huchukua kinachobaki, na hapa hakikubaki kitu. Walio karibu zaidi na marehemu wameondoka mikono mitupu, na walioshirikiana naye mama peke yake wameondoka na milioni 4.

Inasimuliwa kwamba Umar bin al-Khattab, khalifa aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644, alihukumu hivyo hivyo mara ya kwanza. Baadaye lililetwa mbele yake suala la namna ile ile, na ndugu wale wa baba mmoja mama mmoja wakatoa hoja ambayo haijasahaulika mpaka leo: tuseme baba yetu alikuwa punda, je, mama yetu si mmoja? Umar akaitafakari, akawashirikisha wote katika ile theluthi. Kwa hesabu yetu, ndugu wote wanne wanapata milioni moja moja. Akaambiwa kwamba mwaka uliopita hakuhukumu hivi. Yaani swali lile lile la baraza ya Ngamiani. Akajibu: ile ni kama tulivyohukumu wakati ule, na hii ni kama tunavyohukumu sasa.

Jibu hili lina sehemu mbili, na ya kwanza husahauliwa. Hakuitengua hukumu ya mwanzo. Waliokwisha kurithi hawakufuatwa majumbani kurudisha fedha, kwa sababu hukumu iliyotolewa kwa jitihada ya kweli haivunjwi na jitihada nyingine, la sivyo hakuna mtu angelala akiwa na uhakika wa mali yake. Lakini pia hakuifanya ile ya kwanza kuwa pingu ya mkononi. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani hii, yameshika hukumu ya pili.

Na Imamu Shafii mwenyewe? Alipokuwa Iraki alikuwa na kauli zake, wanafunzi wakaziandika na kuzisambaza. Akahamia Misri katika miaka ya mwisho ya uhai wake, akakutana na wanachuoni wengine na mazingira mengine, akazipitia upya kauli zake na nyingi akazibadili. Alifariki mwaka 820, akiwa na mafungu mawili ya kauli ambayo wanafunzi wanayajua kama kadimu na jadidi, ya zamani na mpya. Asili ni kufuata ile mpya. Lakini wanachuoni waliomfuata walikaa wakapima, wakakuta masuala machache ambamo kauli ya zamani ina nguvu zaidi. Wakati wa magharibi ni mojawapo. Katika kauli mpya wakati huo ni mfupi sana, kiasi cha kutawadha, kujisitiri, kuadhini, kukimu na kusali rakaa tano. Katika kauli ya zamani unaendelea mpaka wekundu wa magharibi utoweke. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo katika karne ya 13, akaona ile ya zamani ndiyo yenye nguvu, na ndivyo inavyofundishwa. Kwa hiyo hata kubadili kauli kunaweza kupitiwa upya. Hakuna aliyewahi kusimama msikitini akamwita Shafii kinyonga.

Sasa tutoke msikitini twende zahanati, kwa sababu huko ndiko gharama ya kubadili kauli vibaya inapoonekana mwilini.

Kwa miongo mingi dawa ya malaria nchini ilikuwa klorokwini. Mtu mzima alimeza vidonge 4 siku ya kwanza, 4 siku ya pili, 2 siku ya tatu. Mwaka 2001 ikaondolewa kama dawa ya kwanza ikaingia SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, vidonge 3 kwa mpigo mmoja. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikapisha dawa ya mseto, ALu, yaani artemeta na lumefantrini, tunayoitumia mpaka leo. Dawa tatu ndani ya miaka mitano na ushei. Vijijini Muheza na Korogwe, ambako watafiti walifuatilia kwa karibu jinsi SP ilivyokuwa ikishindwa, ungesikia watu wakisema wakubwa hawajui wanachotaka.

Walijua, ila maelezo hayakufika. Klorokwini ilikuwa na tabia ya kushusha homa upesi hata pale ilipokuwa haiui tena vimelea. Mama alimpa mtoto vidonge, jioni mwili umepoa, akaamini amepona, na vimelea vilikuwa bado vinaogelea kwenye damu. SP haina uwezo huo wa kushusha homa. Mtoto alimeza, usiku akawaka moto vilevile mpaka apewe panado, na mama akasema dawa mpya ni ya uongo, nirudishieni ile ya zamani. Kwa macho yake alikuwa na haki. Alipima dawa kwa kipimo alichofundishwa siku zote, yaani homa kushuka. Hakuna aliyemwambia kwamba kipimo chenyewe ndicho kilichobadilika.

Angeambiwa nini? Si "klorokwini haifai". Sentensi hiyo inamfanya muuguzi wa mwaka 1990 aonekane mwongo, na inamfanya bibi aliyelea wajukuu saba kwa klorokwini aonekane mjinga. Ilipasa kusemwa: klorokwini ilifaa, iliokoa wengi, vimelea wamebadilika wakaizoea. Maneno haya hayamvui mtu nguo. Na yanaeleza kwa nini hata leo SP haijatupwa: imebaki kwa kinamama wajawazito, wanaopewa kliniki kwa vipindi kuanzia miezi mitatu ya mwanzo inapopita, angalau dozi tatu, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Asiyejua historia hii humwona muuguzi akitoa dawa "iliyokatazwa" na kuanza kunong'ona.

Hata ALu yenyewe inaharibika kwa sababu ya kipimo kile cha zamani. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita. Ya pili humezwa zikipita saa 8 tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu, na imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta sehemu moja ya dawa hainyonywi vizuri. Siku ya pili mgonjwa anajisikia vizuri. Anasimamisha. Vilivyobaki anaviweka kabatini vimsaidie jirani. Mwili umepoa, basi nimepona: fikra ya klorokwini ndani ya dawa mpya. Mtu amebadilishiwa kidonge, wazo halikubadilishwa.

Mfano huu nimeukalia kwa makusudi, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mijadala yetu hulichanganya. Kauli hubadilika kwa sababu tatu tofauti. Mara nyingine jambo lenyewe limebadilika, kama vimelea hawa. Hapo aliyesema zamani hakukosea na hadaiwi radhi yoyote. Mara nyingine jambo liko pale pale ila tumelijua zaidi. Na mara nyingine tulihukumu vibaya tu, na watu wakaumia. Kumtaka radhi mtu wa kwanza ni uonevu, na kumwachia mtu wa tatu apite bila radhi ni uonevu pia, safari hii kwa walioumia.

Sababu ya pili tunayo baharini kwetu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka duniani pamoja na madinosaria, alionekana akiwa mzima mwaka 1938 Afrika Kusini, na vitabu vikaandikwa upya. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa mwambao wa Tanga walianza kumnasa kwenye majarife, yaani nyavu kubwa, ya maji marefu, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Bado wataalamu walidhani anaishi kama miaka 20. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza upya alama za magamba yake kwa mwanga maalumu wakakuta anaweza kufika karibu miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Samaki ni yule yule. Lakini kwa mvuvi wa Kigombe maana imebadilika kabisa: silikanti watano kwenye jarife si hasara ya msimu mmoja, ni hasara ambayo wajukuu wake hawataiona ikifidika. Anayekwenda kumweleza mvuvi hilo aanze kwa kukiri kwamba wataalamu walikuwa na hesabu nyingine kabla. Akificha, mvuvi atakuja kulijua kwingine, na siku hiyo hatamwamini hata kwenye yaliyo sahihi.

Sababu ya tatu ni ngumu kuliko zote. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchini, na 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, hayo mawili asingeyafanya. Kinachonivutia ni kwamba maneno hayo hayakusimama peke yake. Sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimekwisha kurudisha serikali za mitaa na ushirika. Kauli ilikuja na kitu mkononi. Kiongozi anayesema "tulikosea" na kuiacha sheria mbovu pale ilipo hajabadili chochote, amebadili sauti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuwapokee wote wanaobadilika bila kuuliza. Kigeugeu yupo, na jamii ina haki ya kujilinda naye. Anatambulika. Kauli yake mpya kila mara huangukia upande wenye sahani. Akiwa Tanga mjini anasema hivi, akifika Dar es Salaam anasema vile, kwa wiki ile ile. Na hawezi kueleza kwa haki alichokiamini jana, atakuambia tu kwamba hakuwahi kukisema. Aliyekua kweli anaweza kukaa akakuelezea hoja ya zamani vizuri kuliko hata wanaoishikilia bado, kwa sababu alikaa ndani yake.

Bendera na tanga vyote viko juu ya chombo kimoja na vyote hupigwa na upepo ule ule. Bendera huangalia upepo unakokwenda. Lakini mashua inayotoka Tanga kwenda Pangani wakati wa kusi, upepo utokao kusini, hukabiliana na upepo usoni, na nahodha hana njia ila kubisha: anakwenda mshazari upande huu, kisha anapindua tanga akaenda mshazari upande wa pili. Mtu wa ufukweni angesema hajui aendako, na bandari yake ni ile ile. Kwenye kupindua ndiko kuna kazi. Demani, kamba ya kuvutia tanga, inalegezwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa kando ya mlingoti, inapitishwa upande wa pili, demani inazungushwa na kukazwa upya. Kwa muda huo mfupi chombo hakina nguvu. Kupindua kukifanyika kwa pupa, mabaharia hawako tayari, upepo ukalipiga tanga likajibandika kwenye mlingoti, chombo kinaweza kulala ubavu. Wakati ule hakuna anayemzomea nahodha. Kila mkono uko kwenye kamba.

Mtu naye ana muda huo, kati ya kauli aliyoiacha na ile ambayo bado hajaishika. Anasema "sijui tena". Wiki hizo mbili tatu ndizo tunazomharibia. Baba aliyekuwa akisema binti hahitaji kusoma mbali, siku moja anauliza kwa sauti ndogo ada ya bweni ni kiasi gani. Shemeji mmoja akidakia "leo umeamka!", mazungumzo yamekwisha, na binti ndiye atakayelipa. Mjibu ada. Mengine yatakuja.

Kwa anayebadilika mwenyewe, kazi yake ni sentensi nne, na mpangilio wake una maana. Nilisema hivi. Nilisema kwa sababu hii. Tangu hapo nimeona hili. Sasa nasema vile. Ukiruka ya pili, utaonekana ulikuwa unabwabwaja. Ukiruka ya tatu, watu watajiuliza nani amekulipa, na watakuwa na haki ya kujiuliza. Na sema pale pale uliposemea kauli ya kwanza. Kama uliitoa mbele ya watu ishirini kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, usiende kuirekebisha kwa kunong'ona sikioni kwa ami yako, kwa sababu wale kumi na tisa bado wanaishi na kauli yako ya zamani na wengine wanaifanyia kazi.

Kuna waliodhurika. Mvuvi aliyekuwa akipiga baruti, leo ameacha na anataka kuingia kwenye doria ya BMU, kikundi cha kijiji cha kulinda bahari na uvuvi. Matumbawe aliyoyavunja yanahitaji miaka mingi kurudi, kama yatarudi, na mwenzake wa mshipi anayeambulia vijichangu vidogo hawezi kuambiwa asahau kwa sababu kumefanyika kikao. Kuipokea kauli ya mtu na kumwamini ni mambo mawili yenye mwendo tofauti. Kauli ipokewe siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Imani ijengwe kwa hatua: asalimishe vifaa, aonyeshe alikokuwa akivipata, apande doria na wengine miezi kadhaa, halafu ndipo akabidhiwe ufunguo wa boti. Kijiji kikimdai imani yote siku ya kwanza kitaumia. Kikimnyima hata kauli, atarudi kwa waliomzoea, na hao wana baruti.

Barazani hatuhitaji kulifuta swali letu. Kukumbuka alichosema mtu ni sehemu ya kumheshimu, maana yake tulimsikiliza. "Si wewe uliyesema mwaka juzi?" Muulize, Mzee wangu, wala usione haya. Kisha ongeza: "Umeona nini tangu pale?" Halafu mjazie kikombe, umwache aseme mpaka amalize.